Kanga ya Kumchukulia Mtoto

Bi Kidawa wa Kikwajuni, mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, alikuwa na ulimi mkali, na watu wa mtaa walimpendea ulimi huo huo. Mwanamke asiyeweza kumfukuza mtu mlangoni pake hafai kuachiwa watoto wa wenzake, na yeye akimfukuza yeyote, awe mkubwa awe mdogo. Asili yake Tumbatu. Aliletwa mjini na mumewe Msabah, mchukuzi wa bandarini, na Msabah alipofariki alimwachia nyumba ya udongo yenye ukumbi mpana, asimwachie mtoto hata mmoja. Basi ukumbi ule akaujaza watoto wa watu.

Mama zao walikuwa wachaguaji wa karafuu. Asubuhi wakitoka Ng'ambo makundi kwa makundi, wakapita Darajani, wakaingia mjini mpaka kwenye maghala ya Malindi, na huko wakikaa chini kutwa kutenganisha karafuu na vikonyo vyake. Ghalani mtoto hatakiwi. Vumbi la karafuu linamchoma macho mtu mzima, seuze kitoto kinachotambaa. Kwa hivyo walikuwa wakipita kwanza kwa Bi Kidawa na kuwatua watoto ukumbini.

"Shikamoo, Bi Kidawa. Huyu hapa."

"Marahaba. Kesha kula, au umeniletea na njaa yake?"

Jioni walirudi wamechoka, wananuka karafuu kuanzia ushungi mpaka nyayo, na harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaamsha watoto waliolala mkekani. Kabla mama hajapiga hodi, mtoto wake alikuwa keshainua kichwa.

Miaka ile ya mwanzo wa hamsini mji ulikuwa na maneno mengi. Ilisemwa mumiani wanazunguka, watu wa kuiba watoto na kuwatoa damu ikafanywe dawa. Kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyeibiwa mwanawe, na hakuna aliyemjua mwenye mtoto mwenyewe. Bi Kidawa hakuyaamini yote, wala hakuyatupa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Akakaa akafikiri, kisha akaweka sharti lake.

Sharti lilikuwa hivi. Mama anayekuja mwenyewe, amchukue mwanawe aende zake. Mama aliyezuiwa na kazi au msiba akamtuma mtu, basi mtu huyo aje na kanga ya mama, ile ile aliyoivaa asubuhi alipomleta mtoto. Asiye na kanga, hata awe nani, hapewi mtoto. Bi Kidawa alisema maneno yanaigizwa na salamu zinatungwa, lakini kanga haitoki begani kwa mwanamke ila kwa ridhaa yake. Na kila asubuhi, kabla hajampokea mtoto, alimtazama mama juu mpaka chini, rangi ya kanga, pindo lake, hata kiraka kama kipo. Alikuwa na kichwa cha mambo hayo, na alijua kuwa anacho.

Siku moja akaja Mzee Mkadam kutoka Kizimkazi, kabeba papa mkavu, anataka kumwona mjukuu wake. Mtoto mwenyewe alimrukia babu yake akamning'inia shingoni. Bi Kidawa akambandua.

"Kanga iko wapi, mzee?"

"Kanga gani? Huyu damu yangu. Tazama pua yake, tazama yangu."

"Pua nnaziona, maskini, zote mbili. Kanga ndiyo siioni."

Mzee Mkadam akatembea kwa miguu mpaka Malindi, akarudi na kanga ya mkwewe kaitupia kichwani kwa sababu ya jua, akiitukana Ng'ambo nzima. Mtaa ulicheka wiki ile yote. Lakini kila aliyecheka alirudi nyumbani akisema, yule mwanamke ukimwachia mtoto, umemwacha mahali. Bi Kidawa akasikia, na sifa ikamwingia. Sifa ni kitu kitamu na yeye alikuwa binadamu.

Miongoni mwa wale mama alikuwepo Tabia, msichana mwembamba aliyepewa talaka mapema, aliyepanga chumba katika nyumba ya Bi Mwanaasha, uchochoro wa pili. Mwanawe aliitwa Wanu. Alikuwa na umri wa kama miaka minne, na alikuwa na maneno ya mtu wa arubaini. Akiuliza kwa nini kuku hana masikio. Akiuliza kwa nini Bi Kidawa hana mama. Mchana, wenziwe wakilala mkekani, yeye hulala mapajani kwa Bi Kidawa na kipande cha muhogo mkononi, asikiachie hata usingizini. Bi Kidawa alijidai kuwapenda watoto wote sawasawa. Uongo. Alimpenda Wanu kuliko wote, na kila mtu aliona.

Mwaka wa hamsini na tatu, chumba cha pili katika nyumba ya Bi Mwanaasha kilipata mpangaji, mwanamke aitwaye Shemsa. Alisema kwao Wete, Pemba. Alisema amezika watoto na hakujaaliwa aliyebaki. Nani angemdadisi mtu kwa jambo kama hilo? Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na mkono wake hodari jikoni. Tabia akirudi kazini hukuta wali uko tayari, maji yako tayari, na Wanu akisukwa nywele uani huku akisimuliwa hadithi. Haukupita muda wakawa mashoga.

Idi ilipofika wakafanya kama wafanyavyo mashoga: walichanga, wakanunua doti moja ya kanga, wakaikata katikati, Tabia upande wake na Shemsa upande wake, kila mmoja akapinda wa kwake. Ilikuwa kanga nyekundu yenye michoro ya mikorosho myeusi pembeni. Siku ya Idi pili wakaja pamoja kumpa Bi Kidawa mkono wa Idi, wamevaa sare.

"Mmependeza," Bi Kidawa akawaambia. "Mmekuwa kama pacha."

Aliyasema hayo kwa kinywa chake mwenyewe, na baadaye akayakumbuka.

Muda si mrefu baada ya Idi, Shemsa akafika ukumbini mchana, mikono mitupu, akasema Tabia kamtuma amchukue Wanu. Bi Kidawa akamtazama mikono.

"Shemsa mwanangu, wewe mgeni hapa, lakini sharti langu umelisikia."

Shemsa akacheka, wala hakukasirika. "Haki yako, Bi Kidawa. Mie ningekuwa na mtoto, ningemleta kwako." Akaaga, akaenda zake.

Jioni Bi Kidawa akampa Tabia habari, tena kwa kujisifu: "Leo nshamrejesha shoga yako kama nlivyomrejesha Mzee Mkadam."

Tabia alikuwa amechoka, macho mekundu kwa vumbi. Akacheka naye. "Shemsa tena. Akikaa bila ya Wanu roho haimtulii. Mie sikumtuma, lakini angemchukua tu, si yuko nyumbani." Akamtia mtoto mgongoni. Hapo lingeweza kusimama mtu akauliza: kama hakutumwa, kwa nini alisema katumwa? Walikuwa wanawake wawili wenye akili zao, na hakuna aliyeuliza. Mji mzima ulikuwa ukimwangalia mwanamume mgeni mwenye gunia. Nani angemwangalia mwanamke anayepika wali?

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida. Tabia alimleta Wanu asubuhi akiwa na ile kanga nyekundu ya Idi begani, na Bi Kidawa akaiona, akaiweka kichwani kama desturi yake. Baada ya adhuhuri Shemsa akaingia amevaa buibui, na mkononi ana kanga nyekundu imekunjwa.

"Shikamoo, Bi Kidawa. Tabia kazidiwa na homa huko ghalani. Wenzake wamempumzisha kwa jamaa zake, Malindi hapo hapo. Kasema nimpelekee mtoto, asije akalala mbali naye. Na kanga yake hii, safari hii sikusahau."

Bi Kidawa akaipokea. Akaikunjua, akaitazama mikorosho, akalitazama pindo. Ndiyo yenyewe, aliyoiona asubuhi. Akaitia puani pia, kwa mazoea tu, maana kila nguo ya wale mama aliijua kwa harufu. Ilinuka udi. Pua ilijua, lakini macho yalikuwa yamekwisha kukubali, na moyo ulikuwa umeshamkimbilia Tabia na homa yake.

Kisha yeye mwenyewe akamtayarisha mtoto. Hilo ndilo lililokuja kumla baadaye kuliko yote. Alimwosha uso, akampaka mafuta ya nazi mikononi na miguuni, akamchana kishungi cha mbele kilichofumuka, ili mama mgonjwa asimwone mwanawe mchafu. Akamfunga ile kanga kifuani, fundo nyuma ya shingo.

"Nnakwenda kwa mama," Wanu akawatangazia wenziwe.

"Nenda, na usimsumbue. Mama hajiwezi."

Wanu akamshika Shemsa mkono bila ya shaka yoyote, kwani alikuwa akimshika kila siku. Walipofika njiani akamchomoka, akarudi mbio.

"Muhogo wangu, Bibi."

Bi Kidawa akautafuta chini ya mkeka, akaupangusa, akamtia mkononi. Akamwita Shemsa kutoka mlangoni, "Mwambie Tabia ugua pole." Shemsa akasema atamwambia.

Jioni mama walirudi kama kawaida yao. Watoto wakainua vichwa. Mmoja mmoja wakachukuliwa, na nyuma yao wote akaingia Tabia, mzima, anapiga miayo, na kanga nyekundu begani. Ukumbi ukajaa karafuu.

"Wanu kalala?" Tabia akauliza.

Bi Kidawa alikuwa akiitazama kanga. Kila mwanamke wa Unguja anajua kanga huuzwa doti, pande mbili, na upande mmoja haupambanuki na mwenziwe. Yeye alilijua hilo tangu hajavunja ungo. Amekata doti ngapi mwenyewe, kapinda ngapi, kagawana ngapi na mashoga zake wa ujanani. Na kwa muda wote wa sharti lake hakulifikiri hata siku moja.

"Bi Kidawa, Wanu yuko wapi?"

"Ulikuwa mgonjwa," Bi Kidawa akasema.

"Mie? Kasema nani?"

"Kaja na kanga yako."

Tabia akajishika bega, akaishika kanga yake, akaitazama. Kisha akatoka mbio, akaacha viatu vyake mlangoni.

Chumba cha Shemsa kilikuwa tupu, kimefagiwa. Bi Mwanaasha mwenye nyumba alisema Shemsa alimuaga mchana, machozi yakimtoka, kasema anakwenda kwenye msiba Pemba. Tabia na Bi Kidawa walipofika bandarini, meli ya Pemba ilikuwa imekwisha kuondoka. Vilikuwa vimeondoka na vyombo vyengine pia, vya Tanga na vya Mombasa. Wakawauliza wachukuzi, wengine walimjua marehemu Msabah, wakajitahidi kwa ajili yake: mmemwona mwanamke wa buibui na mtoto wa kike? Wachukuzi wakatazamana. Wanawake wa buibui wenye watoto walikuwa wamepita kutwa. Huyo mmoja angetambulikana kwa lipi? Kwa kanga nyekundu, Bi Kidawa akasema, mtoto kafungwa kanga nyekundu. Mmoja akamwonyesha kwa kidevu: pale pale gatini walikuwa wamesimama wanawake wengine, na wawili miongoni mwao walikuwa na kanga hiyo.

Habari zikapelekwa kituoni, simu ikapigwa Wete. Wete hawakumjua. Hakuna ukoo wake, hakuna msiba wake, hakuna aliyewahi kumsikia Shemsa wa namna hiyo. Tabia akaenda Pemba mwenyewe, akazunguka vijijini akiuliza, akarudi amekonda na sauti imemkauka. Huko Ng'ambo vijana walimkamata muuza chupa mmoja maskini wakampiga, ati ndiye mumiani. Ndivyo tulivyo. Mwizi katoka ndani ya nyumba yetu, kala chakula chetu, kasuka nywele za mwana wetu, na sisi tunampiga mtu wa chupa. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku, na nguo hatuzikung'uti.

Tabia hakumlaumu Bi Kidawa. Laiti angemlaumu. Laiti angesimama mlangoni akamtukana mtaa ukasikia, pengine jambo lingekuwa na mwisho. Badala yake alikuwa akija jioni, saa ya kuchukua watoto, akakaa mkekani akauliza maswali kwa sauti ndogo.

"Alikuwa keshakula?"

"Alikula."

"Alilia?"

Bi Kidawa alitamani kusema alilia, alipiga kelele, alinishika nguo. "Hakulia," akasema.

Tabia akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua. Kesho yake akaja tena na swali jengine. Ikawa hivyo mpaka maswali yakamwishia, akawa anakaa tu. Kisha akaacha kuja.

Watoto wakapungua ukumbini. Hapana aliyesema kitu, maana Waunguja hawasemi. Huyu kampata bibi yake wa kumwangalia, yule kapelekwa shamba Kizimbani kwa mjomba. Wa mwisho kuondoka alikuwa mjukuu wa Mzee Mkadam, na mzee mwenyewe ndiye aliyekuja kumchukua. Kaleta kanga ya mkwewe kaikunja vizuri, akaitoa kwa mikono miwili. Hakuna aliyemdai kanga tena. Bi Kidawa hakuitazama.

"Mchukue, mzee."

"Itazame kwanza, Bi Kidawa."

"Nitazame nini?"

Siku moja akajikuta Darajani, mbele ya duka la nguo. Hakujua kilichompeleka. Ile kanga nyekundu ilikuwa rafuni, si moja, ni robota zima, doti juu ya doti zimebanwa kwa kamba. Mwenye duka akadhani mnunuzi, akaishusha moja akamkunjulia mezani. Ikakaa pale na mikorosho yake, mpya. Bi Kidawa akafahamu kuwa haikuhitaji hata ushoga, haikuhitaji Idi. Mtu yeyote aliyepita Darajani angeweza kumchukua mtoto yeyote katika ukumbi wake, siku yoyote, kwa miaka yote ile aliyokuwa akijiona ni ngome. Sharti lake lilikuwa uzi, na Mungu tu ndiye aliyekuwa akilinda. Kisha siku hiyo moja hakulinda. Bi Kidawa akaogopa wazo hilo, akaomba toba hapo hapo dukani, na wazo halikuondoka.

Miaka ikaenda. Mji ukapata maneno mengine, ukaanza siasa, watu wakagombana kwa vyama hata maziko wakasusiana, na mumiani wakasahauliwa. Wanu hakurudi, wala hakuna aliyesikia habari yake. Kama yu hai alikuwa amekua, ana jina jengine na mama mwengine, na pengine hakumbuki hata Ng'ambo ilikuwa upande gani. Bi Kidawa aliishi kwa kushona vikapu vya ukindu. Akipita njiani aliwatazama watoto wa kike usoni mpaka mama zao wakawavuta. Hakuvaa tena nguo nyekundu.

Tabia akaolewa na Miraji, seremala, mtu mwema, akazaa mtoto mwengine wa kike. Huyu hakumwachia mtu. Alikuwa akienda naye ghalani, kampakata katikati ya vumbi, msimamizi akisema asemalo. Alifukuzwa ghala moja akaenda jengine. Mtoto alikuwa na kikohozi kisichokwisha na macho ya majimaji, na watu walimnasihi Tabia kuwa anamuua kwa kumhifadhi. Akiwasikiliza, kisha kesho akamfunga mgongoni akaenda naye.

Ikawa asubuhi moja Tabia na Bi Kidawa wakakutana mferejini, kwenye bomba la mtaa, wawili tu, wengine hawajafika. Tabia aliamkia, Bi Kidawa akaitikia, Tabia akatega ndoo yake. Ilipojaa akaiondoa, Bi Kidawa akatega yake. Haikuwezekana kujitwika ndoo ile na mtoto mgongoni. Siku zote alimngoja mwanamke mwengine amtwike. Siku hiyo akafungua mbeleko, akamtoa mtoto, akasimama naye mbele ya Bi Kidawa.

"Nishikie, nijitwike."

Bi Kidawa akarudi nyuma. "Mngoje mwengine, mwanangu. Watakuja sasa hivi."

"Nnakupa wewe."

Hakulisema kwa hasira wala kwa huruma. Alikuwa amenyoosha mikono, na ilionekana wazi kuwa jambo hili kalifikiri siku nyingi kabla ya kulifanya. Bi Kidawa akapangusa viganja vyake kwenye kanga. Akapokea. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Akakilaza kichwa chake begani pake bila ya kumwogopa, kama walivyokuwa wakifanya wote, na nywele zake zikamgusa puani.

Zilinuka karafuu.

Ile harufu aliyoitafuta kwenye kanga nyekundu asiipate, na bado akafunga fundo. Akamrudisha mtoto upesi, karibu amdondoshe, akimsukuma kifuani kwa mamake kwa mikono miwili.

"Mchukue. Mchukue, Tabia. Usinipe mtoto."

Mtoto akaanza kulia. Tabia akamrudisha mgongoni, akafunga mbeleko, kisha akaifungua akaifunga tena kwa nguvu zaidi. Akainamisha ndoo, akamwaga maji mpaka ikabaki na kiasi cha kuweza kujitwika peke yake, akaenda zake. Mpaka alipopinda uchochoroni, kilio cha mtoto kilikuwa kinasikika. Bi Kidawa akabaki mferejini na ndoo yake imejaa, inafurika miguuni.